Marahaba Iliyochelewa

Jumapili, 11 Februari

Lifti,

Mtandao umeniambia kwamba wewe na mimi tunalingana kwa asilimia tisini na nne. Mimi na mume niliyeachana naye sidhani kama tulifika hamsini, na tulikaa nyumba moja miaka kumi. Kwa hiyo nimeona nikuandikie barua nzima, siyo yale ya "mambo" na "poa" ambayo watu wanatumiana humu mpaka wanachokana.

Jina la Miwani nimelichagua kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nakata vioo vya miwani katika chumba cha nyuma cha duka. Mbele wanakaa wenye makoti meupe, wanapima macho na kuwachekea wateja. Mimi niko nyuma na mashine inayomwaga maji siku nzima, aproni imelowa, redio haisikiki. Mteja ananikumbuka siku fremu ikimbana masikio.

Sasa niambie, yale maswali yao yote uliyajibu kwa moyo safi? Mimi nilianza kucheka lilipokuja lile la "Je, unakoroma?" Nani atajiwekea tiki hapo? Halafu "Ukikasirika unafanya nini?" Nikaandika natafuta muda wa kutulia, kisha nazungumza. Uongo mtupu. Nikikasirika naosha vyombo kwa kelele mpaka mtu aulize kuna nini, halafu nasema hakuna kitu.

Basi nina pendekezo. Kila mtu ataje uongo wake mdogo mdogo, tuumalize mapema. Wa kwangu huu hapa: nina miaka thelathini na saba, siyo thelathini na nne. Mazoezi siyapendi hata kuyatazama. Ile picha kanipiga binamu yangu, na blauzi ni yake.

Mengine ni kweli. Mtoto ninaye, mmoja, wa kiume, ana miaka saba. Tunamwita Mzee, maana tangu alipojua kutembea anatembea mikono nyuma, kama mstaafu anayekagua kiwanja chake.

Zamu yako.

Miwani


Alhamisi, 15 Februari

Miwani,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya kibanda cha lifti, katikati ya ghorofa ya nane na ya tisa, wapangaji wanapiga kelele huko chini kwamba fundi amelala. Nilicheka mpaka mwenzangu akadhani nimepigwa shoti.

Haya. Nakoroma. Niliandika napenda kupika. Najua mayai na wali, na wali wenyewe unategemea umeamkaje. Niliandika nasoma vitabu. Ninachosoma ni maelekezo ya mashine, tena naanzia nyuma. Urefu nimejiongezea kidogo, lakini kazini navaa buti, kwa hiyo uongo wenyewe ni nusu.

Mzee nimempenda kabla sijamwona. Nilipoanza kusoma nilidhani ni baba yako. Msalimie. Anapenda nini?

Mengine yote ni kweli, kama ya kwako. Niliachana na mke wangu miaka mitano iliyopita, yuko nchi nyingine na ameshaolewa. Watoto sina, kama nilivyojaza. Lakini nawapenda sana, hilo ningeomba ulijue.

Lifti


Alhamisi, 15 Februari

Dada, shikamoo.

Huku hatujambo. Bi Maswali anazidi kurefuka, sare ya Januari imeshapanda magotini. Sweta limepotea tena. Leo asubuhi ameniuliza kwa nini lifti ina kitufe cha kufunga mlango wakati mlango unajifunga wenyewe, na kusema kweli nimebaki nimeduwaa, mimi fundi wa miaka kumi na moja.

Nina jambo. Unakumbuka nilipojiandikisha kwenye ule mtandao wa wachumba nikasema ukweli: nina binti wa miaka minane, naishi naye. Hakuna aliyeniandikia, isipokuwa yule aliyeuliza kama mama yake hawezi kuja kumchukua. Ukaniambia nifute, niandike sina, mwanamke anijue mimi kwanza. Nikafuta, na wiki hiyo hiyo barua zikaanza kuja.

Sasa nimempata mmoja, anakata miwani. Dada, huyu ni mtu. Ana mtoto wake wa kiume na amesema wazi bila kuficha. Nilikuwa nimwambie hapo hapo. Lakini kwenye majibu yake nimeona pale wanapouliza "Ungekubali mwenzi mwenye watoto?" ameweka hapana. Vidole vikakataa. Nimeandika "sina" kwa mara ya pili, na safari hii siyo kisanduku, ni maneno ya mkono wangu, huku mwenyewe yuko chumba cha pili anapiga mswaki na kuimba kwa povu mdomoni.

Nikimwambia nitampoteza. Nisipomwambia sijui mimi ni baba wa aina gani. Nifanye nini?

Mdogo wako


Jumanne, 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwanza punguza kulialia, wewe ni mtu mzima mwenye buti.

Huyo mama naye ana makubwa. Ana wa kwake na hataki wa mwenzake? Lakini tusimhukumu, huenda kaumizwa na mtu. Mimi naona hivi: ukimwambia leo atasema wewe ni mwongo. Ukimwambia akishakuzoea atasema wewe ni mwongo, lakini atakuwa amekuzoea. Kwa hiyo vuta subira, mwandikie vizuri, siku ikifika utajua.

Na sweta, andika jina kwenye kola kwa wino usiofutika. Nimekwambia mara ngapi?

Mbusu mtoto. Mwambie kile kitufe kipo ili wenye haraka wapate cha kushika.

Dada yako


Jumapili, 10 Machi

Lifti,

Umeniuliza mara tatu Mzee anapenda nini, nami narukaruka. Basi kaa sawa.

Maziwa yenye utando juu hayataki, anautoa kwa kidole na kuubandika ukingoni mwa kikombe, anadhani sioni. Anapenda kukaa chini ya meza yangu ya kazi na kuokota vipande vya vioo vilivyokatwa, vile vya plastiki, anavipanga kwa unene. Akijaribu miwani za wateja anapiga nazo hotuba. Na samahani sana fundi, lifti anaziogopa. Anasema ni chumba kinachokula watu: wanaingia hawa, mlango unafungwa, ukifunguka wanatoka wengine.

Nikija kutoka kazini siku hizi natembea haraka. Mama yangu ameniuliza nafukuzwa na nani. Nimemwambia nina barua ya kujibu.

Miwani


Jumapili, 14 Aprili

Miwani,

Kile chumba kinachokula watu kimeniharibia kazi. Juzi nimesimama ukumbini na bisibisi mkononi, mlango ukafunguka, nikajikuta nawahesabu wanaotoka. Mwambie Mzee nimehakikisha, walikuwa wale wale.

Nina ombi, na ukiona ni usumbufu ukatae tu. Kuna mtoto wa jirani hapa, wa kike, miwani yake imekaliwa. Kioo kimoja kimepasuka na mkono umeng'oka. Maduka ya huku wanataka wabadilishe yote, fremu na vioo, na mtoto ameing'ang'ania fremu yake hasikii la mtu. Shuleni siku hizi anakaa dawati la mbele kabisa na bado anakodoa macho. Nikiituma kwa posta pamoja na karatasi ya vipimo, unaweza kuitazama?

Lifti


Jumatano, 17 Aprili

Tuma.

Mtoto asiyeona ubaoni anaitwa mzembe, hilo silivumilii. Huyo jirani yako naye atazame anapokaa.

Miwani


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha la miwani)

Shikamoo mama Miwani.

Mimi ndiye mwenye miwani hii. Baba aliikalia kwenye kochi akasema fremu ilijileta yenyewe. Anajua kutengeneza lifti lakini miwani hajui, alijaribu na gundi. Naomba usibadilishe rangi. Baba amesema una mtoto anaitwa Mzee. Mimi nina miaka minane. Je, anapenda kuchora? Usimwambie baba nimeandika kwa sababu amesema nisikusumbue na maswali.

Ni mimi
Bi Maswali (siyo jina langu, wananitania)


Alhamisi, 2 Mei

Miwani,

Kifurushi kilifika? Posta wanasema kimepokelewa na kimesainiwa. Hakuna haraka, nauliza tu.

Lifti


Jumapili, 12 Mei

Miwani,

Mbona kimya? Kama nimekukosea niambie. Kama Mzee anaumwa niambie pia. Nasoma barua zako za zamani kama mtu asiye na kazi.

Lifti


Jumatatu, 20 Mei

Mdogo wangu,

Barua zake ulizonitumia nimezisoma, zote, na mimi nilikuwa nimekuja na hasira zangu za kumsema huyo mwanamke. Hasira zimeniishia.

Nimezaa watatu, unajua. Huyo Mzee tangu Februari hajapata mafua. Hajapoteza sweta. Hajarudi nyumbani na goti limechubuka wala na barua ya mwalimu. Hajagombana na mtu. Mama yake anasema anapenda hiki, anapenda kile, lakini hakuna mahali ameandika "jana alifanya hivi." Hata siku moja. Wewe barua yako huimalizi bila jana ya Bi Maswali.

Sitasema ninachofikiri. Usimuulize chochote. Subiri, na ukisali, mtaje huyo mtoto humo.

Na ule ushauri wangu wa kufuta, naurudisha. Nilikosea.

Dada yako


Jumapili, 26 Mei

Lifti,

Miwani imekwisha, iko ndani ya kifurushi hiki. Rangi sikubadilisha. Gundi yako nimeikwangua kwa sindano asubuhi nzima, na niliyoyasema wakati huo ni bora hukuyasikia.

Ndani ya kasha nilikuta karatasi. Nilidhani ni ya vipimo. Lifti, mtoto ameniamkia, na mpaka leo sijamwitikia. Sijawahi katika maisha yangu kuamkiwa na mtoto nikanyamaza. Nimekaa nayo kwenye mfuko wa aproni mpaka imelowa.

Una mtoto. Umemkana kwenye fomu, ukamkana tena kwangu, ukamfanya wa jirani ili nimtengenezee miwani. Na mwenyewe anakutetea kwamba fremu ilijileta. Nilianza kukuandikia matusi, na matusi ninayajua. Nilipofika mahali pa kukuita mwongo, kalamu ikasimama. Mimi ni nani?

Mzee hayupo. Mwaka juzi, homa. Ijumaa alinyanyua kichwa mezani akasema kinamuuma, Jumapili tukarudi nyumbani bila yeye. Baba yake na mimi hatukuweza kuishi na kimya kile, kila mmoja akaenda na chake.

Lilipokuja swali lao, "Una watoto?", palikuwa na visanduku viwili tu. Nilipeleka kidole kwenye hapana. Kikagoma. Niliona nikibonyeza pale nitakuwa namzika tena, na safari hii koleo liko mkononi mwangu mimi. Nikaweka ndiyo. Wangapi? Mmoja. Umri? Saba. Na pale wanapouliza kama ningekubali mwenye watoto nikaweka hapana, kwa sababu sikuamini ningeweza kusikia mtoto wa mtu akikohoa chumba cha pili.

Nitakuambia na la aibu. Nilipokuandikia kuhusu maziwa, jikoni kwangu palikuwa na mtu. Wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye kwako Mzee alikuwa anaendelea. Nilikuwa nakimbia kutoka kazini kwa ajili hiyo. Sikuwa nakukimbilia wewe, nisamehe.

Lakini usidhani tumetoka sare. Mimi niliweka ndiyo kwa sababu sina namna ya kumrudisha. Wewe wako yupo. Anakuita baba, anapoteza vitu, anauliza maswali, yuko hapo hapo kwenye kochi, na wewe ukaweka hapana ili upate barua. Kisanduku chako, Lifti, mimi ningekijaza kwa meno.

Usinijibu mpaka uwe umerekebisha. Siyo kwangu. Kwake.

Miwani


Jumapili, 9 Juni

Miwani,

Pole. Nimeliandika neno hilo nikalifuta mara nyingi, ni dogo mno, lakini sina jingine. Pole sana, mama.

Sijitetei. Bi Maswali amevaa miwani tangu ilipofika, hata kulala anataka kulala nayo. Nilimketisha mezani nikamwambia: kuna mahali waliniuliza kama nina mtoto, nikaandika hapana. Akaniuliza, "Kwani ulipoandika hivyo mimi nilikuwa wapi?" Nikamwambia ulikuwa hapa hapa, unapiga mswaki. Akauliza, "Ulisahau?" Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, amenifungulia mlango mwenyewe. Nikamwambia hapana, sikusahau, niliona aibu kuwa peke yangu, nikadhani wewe ndiye sababu. Akavua miwani, akaifuta kwa sketi, akaivaa tena. Tulipomaliza kula akasema, "Sasa waambie." Nililia mbele yake, sikuweza kujizuia.

Tukafungua fomu pamoja. Tiki ameiweka yeye. Akaangalia tena kama imeshika. Asilimia zetu zikashuka hapo hapo mpaka sitini na tisa, na mtandao ukaniuliza kama nataka kutafutiwa mwingine. Nimekataa. Sikuandikii hili ili ubadilishe jibu lako. Ulisema hapana, na sababu yako naijua sasa.

Kuhusu Mzee. Umesema kwangu alikuwa anaendelea. Bado. Mlango wa lifti ukifunguka nawaangalia wanaotoka, nimeshindwa kuacha. Nampenda mwanao, na sitaki unirudishie hilo kana kwamba nililipata kwa makosa.

Bi Maswali anauliza kila siku kama umemwitikia. Nimemwambia bado. Kuna kitu ameandika hapa chini, sikukirekebisha.

Lifti

Mama Miwani, naona mpaka mabati ya mbali. Asante. Una mtoto au huna? Baba ameshindwa kunieleza. Bi Maswali.


Jumapili, 23 Juni

Bi Maswali,

Marahaba, mwanangu.

Nimechelewa sana kukuitikia. Si vizuri mtu mzima kumwacha mtoto na shikamoo yake mkononi, na nimeona vibaya kila siku niliyokaa kimya. Unisamehe.

Umeniuliza kama nina mtoto au sina. Baba yako ameshindwa kukueleza kwa sababu mimi ndiye sikumweleza vizuri, mwanzoni nilimwandikia kama vile mwanangu anacheza uani. Sasa nakuandikia wewe sawasawa, maana umeuliza sawasawa. Nilikuwa naye. Alikuwa anaitwa Mzee, alikuwa na miaka saba, akaugua, akafa. Na ndiyo, alipenda kuchora. Alichora lifti zenye meno. Ninazo mbili, nyingine zilikwenda na baba yake.

Ilinibidi nisimame kidogo hapo, sasa nimerudi.

Miwani yako sikiliza. Mkono wa kushoto utalegea, ni ule tulioubandika upya. Kuna skrubu ndogo sana pale kwenye kona. Baba yako asiiguse, na gundi uifiche. Skrubu ile haikazwi kwa posta, lazima uivae nikuangalie usoni, la sivyo itakaa upande. Kwa hiyo mwambie akulete, shule zikifungwa. Msipite mbele kwa wenye makoti meupe. Zungukeni nyuma, kuna mlango wa bluu, mgonge kwa nguvu kwa sababu ya mashine.

Njoo na maswali yako yote. Ukitaka kukohoa, kohoa.

Mama Mzee